Uzi: "Unataka isome ngapi?" Makosa na michezo ninayoiona kwenye uthamini wa nyumba na viwanja

Kipima Kamba (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nipo kwenye kazi ya uthamini mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilianza kama kijana wa kushika futi kamba upande wa pili, siku hizi naandika ripoti mwenyewe. Juzi jirani yangu kanigongea mlango na ripoti ya nyumba yake, anataka kuiweka dhamana akope. Swali lake lilikuwa moja tu: "Hii milioni 180 ni ya kweli?"

Nikakaa nayo kibarazani. Kurasa 22, picha za rangi, mhuri, saini, kila kitu. Ukurasa wa 9 unasema nyumba ina vyumba vinne vya kulala na imeezekwa vigae. Wakuu, mimi hiyo nyumba naiona kila asubuhi nikipiga mswaki. Ina vyumba vitatu na bati la msauzi. Yaani mtu kachukua ripoti ya nyumba nyingine, kabadilisha jina na picha, maelezo akasahau.

Nikamwambia arudi kwa walioiandika. Yuko kwenye kufuatilia, akileta jibu nitaliweka hapa.

Sasa hilo la kunakili ni kosa la uvivu, na lina nafuu kwa sababu linaonekana. Watu wengi wanadhani mthamini anayepotosha anachezea hesabu. Hapana. Ukichukua kikokotoo, ripoti nyingi mbovu zinajumlisha vizuri kabisa. Shida ni kwamba namba ilishajulikana kabla mthamini hajatoka ofisini, na kazi yote iliyobaki ni kuitafutia njia ya kufika.

Inavyokuwa ni hivi. Simu inaita, ni afisa mikopo. "Mtaalamu, kuna mteja anataka mia na hamsini. Dhamana inatakiwa isome kama mia mbili hivi. Ukienda ukaona haifiki, nishtue kabla hujaandika." Hajakwambia udanganye, na hata ukimrekodi humpati na kosa. Ila ameshakutajia namba, na anayeamua kama ofisi yenu itapata kazi ya wiki ijayo ni yeye.

Mimi mwenyewe si malaika. Mwaka wangu wa tatu nilitumwa kwenye pagale moja nje kidogo ya mji. Lilikuwa limefika kwenye lenta na upande mmoja umepauliwa. Mimi niliandika limekamilika kwa asilimia 45. Bosi akaisoma, akaniuliza, "Hivi ulihesabu na shimo la choo? Na mfumo wa maji?" Shimo lilikuwepo, maji hayakuwepo. Tukafika 60. Aliyesaini hakuwahi kukanyaga pale, na ripoti ilisema amekagua mwenyewe. Mkopo ukalala, nyumba ikaenda mnadani, ikauzwa chini ya nusu ya tulichoandika. Sikulala vizuri wiki ile, lakini mshahara nilichukua.

Naendelea chini na zile njia zenyewe.

Kipima Kamba

Njia ya kwanza ni vipimo. Mitaa mingi haijapimwa, kwa hiyo mkataba wa serikali ya mtaa unasema "ishirini kwa thelathini" na hausemi ishirini nini. Aliyeuza alipima kwa hatua zake. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 80, kwa hiyo 20 kwa 30 ya hatua inakuwa mita 16 kwa 24, yaani mita za mraba 384. Mthamini mvivu anaandika mita 20 kwa 30, mraba 600. Hapo ameshamwongezea mtu mita 216 za ardhi isiyokuwepo duniani, na bado hajaanza kukosea bei. Huyu hata rushwa hajala, amekataa tu kushuka kwenye gari na tepu.

Ya pili ni bei za kulinganishia. Kanuni ya kazi yetu inasema utafute viwanja vinavyofanana na hicho, vilivyouzwa karibuni, kisha urekebishe tofauti. Vilivyouzwa. Anachofanya mtu ni kumpigia dalali, dalali anamtajia anachotangaza. Bei ya tangazo ina cha juu cha dalali ndani yake, ina na mwanya wa mnunuzi kuomba apunguziwe. Halafu unakuta kiwanja kisichopimwa kimelinganishwa na chenye hati kwa sababu tu viko mtaa mmoja. Wakati kimoja kina bikoni za mipaka na hati ya miaka 99, na kingine kina karatasi ya mjumbe na mashahidi watatu ambao wawili wameshafariki!

Ya tatu, ambayo naona hata wasomi wanaitumia kwa makusudi, ni nyumba za kupangisha. Tuseme una nyumba nne, kila moja kodi 300,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 14.4. Mtu anagawanya kwa asilimia 8, yaani faida ya mwaka ambayo mnunuzi anaitegemea kwenye hela yake, anapata milioni 180, anafunga jalada. Hakuna mpangaji aliyehama, hakuna bomba lililopasuka, hakuna kodi ya jengo wala rangi ya kupaka. Toa moja ya tano tu kwa mambo hayo, inabaki milioni 11.52, na kwa asilimia 8 ile ile thamani inakuwa milioni 144. Sasa sema mtaa ule una hatari zaidi, weka asilimia 10: milioni 115.2. Jengo ni lile lile, wapangaji ni wale wale, tumetoka 180 hadi 115 bila kusogeza tofali. Kwa hiyo ukiona ripoti inayotaja asilimia bila kusema imetoka wapi, hapo ndipo pa kuuliza.

Uchakavu sitauongelea sana. Nyumba ya 1984 inathaminiwa kama imejengwa jana kwa sababu imepakwa rangi. Mnazijua.

Boma Halijapauliwa

Naweka kambi hapa. Mkuu swali: ninyi mnalipwaje? Maana niliwahi kutozwa kulingana na thamani ya nyumba. Sasa si mna faida nyumba ikiwa ghali?

Kipima Kamba

Mkuu umegusa kidonda. Ndiyo, ofisi nyingi zinatoza kwa asilimia ya thamani. Kwa nyumba moja tofauti ni ndogo, haiwezi kumtia mtu wazimu. Kinachomtia wazimu ni kubaki kwenye orodha ya wathamini wa benki. Ukitolewa pale umekufa njaa. Na nani analipa ada? Mkopaji. Nani anachagua mthamini? Benki. Nani anaitumia ripoti? Benki tena. Mwenye nyumba analipia karatasi ambayo mara nyingine hapewi hata nakala. Omba nakala, ni hela yako.

Afisa Wa Kaunta

Mleta uzi unatuonea. Mimi niko upande wa mikopo na nakwambia tunaumizwa na ninyi kuliko tunavyowaumiza. Nimepokea ripoti ya kiwanja ambacho ukienda kipo bondeni, mvua ya masika ikinyesha unakifikia kwa kuogelea. Ripoti inasema "eneo tambarare lenye mandhari nzuri". Na mbona husemi wateja wanaowaomba mshushe? Mtu huyo huyo aliyetaka mia mbili kwangu, siku anauza anataka nyumba isome sitini.

Kipima Kamba

Afisa, hapo sikupingi. Ukweli ni kwamba nyumba moja Dar inaweza kuwa na thamani tatu ndani ya mwaka mmoja. Benki ikiuliza ni milioni 200. TRA, watu wa kodi, wakiuliza ni milioni 110. Barabara ikipita hapo na serikali ikitaka kulipa fidia, ghafla mwenye nyumba anakumbuka kwamba ina kisima, na mawe ya msingi yalitoka mbali.

Kwa wasiojua kwa nini watu wanashusha: ukiuza, kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu ni asilimia 1. Ulinunua kwa milioni 80 ukauza 200, faida ni 120, kodi ni milioni 12. Ukipata mthamini wa kuandika 110, faida inakuwa 30 na kodi milioni 3. Milioni tisa zimepona. Sehemu yake inaingia mfukoni mwa nani, sihitaji kuchora. Ila mnunuzi akae akijua kwamba na yeye siku akiuza, bei yake ya kununulia kwenye makaratasi ni 110. Ile faida iliyofichwa atailipia yeye.

Mama Wa Minazi

Shikamooni nyote. Mimi ni mama wa huku Tanga. Walikuja wakatupima kwa ajili ya mradi, wakanipiga picha nimeshika kibao chenye namba mbele ya nyumba. Nikasaini. Tukaambiwa tusijenge wala kupanda mazao ya kudumu. Huu sasa ni mwaka wa tatu, sijalipwa. Nyumba inavuja, naogopa kutengeneza. Je, bei ya siku ile ndiyo watanilipa?

Kipima Kamba

Marahaba mama, pole sana. Hapa naomba niandike taratibu kwa sababu ni haki yako na watu wengi hawaijui.

Tangu ipitishwe Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya mwaka 2016, uthamini wa fidia una umri. Ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, unatakiwa ulipwe ndani ya miezi 6. Miezi 6 ikipita hujalipwa, fidia inaanza kubeba riba. Miaka 2 ikipita, uthamini ule umekufa, inabidi urudiwe kwa bei za sasa. Kwa hiyo mama jambo la kwanza ni kuipata tarehe ya kuidhinishwa. Siyo tarehe uliyopigwa picha. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, kisha halmashauri, idara ya ardhi, uulize kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo kaunta hayahesabiki.

La pili, fidia siyo bei ya nyumba peke yake. Kwa kanuni za 2001 zilizo chini ya Sheria ya Ardhi kuna thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, halafu posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na kama una biashara, hasara ya faida. Posho ya makazi ni kodi ya nyumba kama yako kwa miezi 36. Kama nyumba kama yako inapangishwa kwa 100,000, hiyo ni milioni 3.6. Usafiri ni gharama ya tani 12 kwa kilomita 20, hata kama vyombo vyako havijazi kirikuu. Usumbufu unapigwa kwa asilimia ya riba ambayo benki zinatoa kwa amana za miezi 12, kuzidisha thamani ya mali.

Nimekuta fomu ambazo posho ya makazi haipo kabisa, na mwenye nyumba kasaini. Mara nyingine ni makosa, mara nyingine mthamini alikuta mlango umefungwa akaandika haikaliwi na watu. Isiyokaliwa hailipwi makazi wala usafiri. Kwa hiyo siku ya uthamini mtu awepo nyumbani, moto jikoni uwake, nguo ziwe kwenye kamba. Sichekeshi.

Kuhusu paa linalovuja: kuziba bati siyo kuendeleza. Piga picha kabla na baada, mjulishe mtendaji, ziba mama.

Nyamongo Kwetu

Mleta uzi usisahau tegesha, yaani kujenga na kupanda harakaharaka ili ulipwe fidia. Huku Tarime kuzunguka mgodi wa North Mara hata mtoto wa darasa la pili anajua neno hili. Nyumba inaota usiku, matofali ya kusimamisha tu, bati la kukodi, hakuna hata mlango. Miche inachomekwa kama viberiti. Halafu mwenye mji halisi, aliyezaliwa pale, anapangwa foleni moja na wategeshaji na anaonekana mwongo kama wao.

Kipima Kamba

Mkuu umemaliza. Na hilo la mwisho ndilo linaloniumiza. Tegesha haimwibii mlipaji tu. Mthamini akishaona nyumba hewa 40, ya 41 ambayo ni ya kweli anaikata bei kwa hasira. Na tegesha haistawi bila mtu wa ndani anayevujisha ramani kabla ya siku ya ukomo, ile ambayo baada yake kinachoongezwa hakihesabiwi. Mkulima gani wa kawaida angejua mstari unapita shamba lipi?

Mche wa mkorosho wa wiki mbili na mkorosho unaozaa vina bei tofauti kwenye jedwali la mazao. Mthamini anayeandika "mikorosho 120" bila kusema umri, ama hajui kazi au anaijua sana.

Mvita Juu

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu mleta uzi, huku kwetu Kenya michezo ni hiyo hiyo ila kwenye mnada tuna kinga kidogo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inamlazimu anayeuza kwa sababu ya deni afanye uthamini kwanza kabla ya kuuza. Na kanuni za madalali wa mnada zinataka bei ya chini itokane na uthamini usiozidi miezi 12. Wakili wangu alisimamisha mnada wa nyumba ya marehemu baba kwa sababu ripoti ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Tulipata muda wa kuuza wenyewe. Nyinyi Bara mna nini?

Kipima Kamba

Mvita, tunacho kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi ya 1999. Anayeuza dhamana anatakiwa atafute bei nzuri inayowezekana wakati ule. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kwenda mahakamani.

Sasa sikilizeni mchezo unapoingilia. Ripoti ya mkopo huwa na namba mbili. Ya juu ni thamani ya soko, ya chini ni ile ya kuuzia kwa lazima, ambayo wengi tunaiweka kwenye asilimia 70 au 75 ya ile ya juu kwa mazoea tu. Nyumba ina thamani ya soko milioni 100, ya lazima 70. Mnadani inauzwa 60. Utaambiwa "imekaribia thamani, imepungua kumi tu". Wanapima kutoka 70. Sheria inapima kutoka bei za soko, hapo imepungua 40. Nimeona watu wanasaini kukubali kwa sababu hawakujua namba ya kuanzia ni ipi.

Na ile tabia ya kuikuza thamani wakati wa kukopa, halafu mthamini mwingine anaitwa wakati wa kuuza na anaishusha, mkopaji anabaki katikati na deni ambalo nyumba haiwezi kulilipa. Nyumba imeondoka na bado anadaiwa.

Baharia Minnesota

Wakuu msidhani wazungu wamepona. Niko Marekani miaka mingi. Kabla ya anguko la 2008 maofisa wa mikopo walikuwa wanawapa wathamini namba ya kufikia, kama ulivyosema wewe. Sheria ya 2010 ikapiga marufuku kumshinikiza mthamini, na siku hizi benki nyingi zinaagiza kupitia kampuni ya katikati ili afisa wa mikopo asimchague mthamini mwenyewe. Lakini shida nyingine ikabaki. Familia moja ya Weusi pale Marin City, California, mwaka 2020 ilithaminiwa nyumba dola 995,000. Wakatoa picha zao ukutani, wakamwomba rafiki mzungu akae pale kama nyumba ni yake, akaweka picha za kwao. Mthamini mwingine akaja: dola 1,482,500. Wiki chache tu zimepita. Kesi ikaishia kwenye maelewano.

Boma Halijapauliwa

Duh. Sasa sisi tunaotoa picha za babu ukutani tusubiri nini?

Kipima Kamba

Hahaha. Huku ukuta wa picha haukusaidii, ila gari ulilopaki uani linasaidia. Nimeona mthamini anapandisha daraja la umaliziaji wa nyumba kwa sababu kakaribishwa juisi na mwenye nyumba ana V8. Hilo halimo kwenye kitabu chochote tulichosoma Chuo cha Ardhi.

Afisa Wa Kaunta

Kwa hiyo mtu wa kawaida akiletewa ripoti aangalie nini? Usiseme "aende kwa mtaalamu", mtaalamu ndiye huyo huyo.

Kipima Kamba

Aanze na nyumba yake mwenyewe. Ahesabu vyumba, aangalie paa, apime kiwanja na futi kamba ya shilingi elfu kumi. Tarehe ya ukaguzi na jina la aliyekagua. Kama aliyefika nyumbani kwako alikuwa kijana mmoja na ripoti inasema mtu mwingine, uliza. Halafu aende kwenye ukurasa wa mauzo yaliyolinganishwa. Yakiwa hayapo, au yameandikwa "kwa mujibu wa uchunguzi wetu wa soko" bila mtaa, ukubwa wala mwaka, hiyo siyo ripoti, ni barua. Na aangalie kama aliyesaini amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ripoti nyingi za mikopo pia huenda kwa Mthamini Mkuu kuidhinishwa, ila yule wa ofisini anasoma karatasi, hawezi kuona bati akiwa Dodoma.

Mama Wa Minazi

Mwanangu nimeenda. Mtendaji kasema tarehe iko halmashauri. Nimeandika barua na mjukuu, kesho napanda basi.

Kipima Kamba

Mama nenda na nakala mbili. Wakikataa kugonga mhuri kwenye yako, andika jina la aliyekataa, siku na saa, nyuma ya karatasi pale pale mbele yake.

Wakuu, jirani karudi. Wamepokea malalamiko, wamesema ni "makosa ya uchapaji" na wameomba radhi. Ripoti mpya hii hapa mezani. Vyumba vya kulala: vitatu. Paa: bati. Thamani ya soko: milioni 180.